Jino lililozibwa na mwenzako

Jino lililowahi kutibiwa mzizi likirudi na maumivu, kitu cha kwanza daktari anachokiona kwenye picha ya eksirei ni ule mstari mweupe wa kijazo cha zamani, na wazo la kwanza linalomjia ni kuutoa. Miaka ya kuinamia vinywa vya watu hapa Dar es Salaam imenifunza kuuzuia mkono kwanza. Mstari wenyewe mara nyingi hauna hatia. Gutapecha, yaani kijazo chenyewe, haitungi usaha. Ugonjwa uko pale ambapo haikufika, au pale ambapo mate yamepata upenyo wa kuipita ubavuni, na nikianza kazi kabla ya kujua ni wapi, nitaitoa yote kwa jasho, nitaweka mpya inayopendeza, na mgonjwa atarudi na uvimbe uleule.

Kwa wasio wa fani hii, niseme kidogo. Kiini cha jino, ile nyama laini yenye neva na mishipa ya damu, kikioza huondolewa. Mifereji myembamba iliyo ndani ya mizizi husafishwa kwa mafaili, yaani vijisindano vya chuma vyenye meno ya kukuna, na kwa dawa, halafu hujazwa ili bakteria wasipate pa kukaa. Kinachojazia ni gutapecha, vijiti vya rangi ya waridi vilivyochongoka, pamoja na saruji laini ya kushikisha vijiti hivyo na kuta za mfereji. Gutapecha asili yake ni utomvu wa miti ya Malaya na visiwa vya Indonesia. Katika karne ya 19 ndiyo iliyovikwa nyaya za simu za chini ya bahari, kwa kuwa maji ya chumvi hayaiozeshi. Waya uliounganisha Zanzibar na Aden mwaka 1879 ulivikwa utomvu huohuo. Kitu kilicholala sakafuni mwa bahari bila kuharibika hakiwezi kusingiziwa kwamba kimeozea mdomoni. Siku hizi kijiti kimoja kina gutapecha halisi kiasi cha moja ya tano tu. Sehemu kubwa ni oksidi ya zinki, pamoja na nta na madini ya kukifanya kionekane kwenye eksirei. Hulainika kwa joto na huyeyuka kwenye vimiminika vichache. Tunapoitoa, tunazitegemea tabia hizo mbili na nguvu ya vidole.

Nitaanza na gego moja la juu kwa sababu ndani yake kulikuwa na karibu kila jambo. Mwenyewe alikuwa mama anayeuza vitenge Kariakoo, na aliingia akiwa ameshika shavu.

"Dokta, hili jino nilishalilipia," alisema kabla hajakaa. "Sasa linadai nini tena?"

"Pole mama. Tulitazame kwanza, habari ya malipo tutaiongea tukishajua lina nini."

Picha aliyokuja nayo ilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia. Mistari mitatu, yote imefika karibu na ncha za mizizi, imejaa bila mapengo. Angeiona mwanafunzi angesema kazi imekamilika. Lakini kwenye ncha ya mzizi wa mbele upande wa shavu kulikuwa na kivuli cheusi cha mviringo, dalili kwamba mfupa hapo umeliwa. Gego la kwanza la juu lina mizizi mitatu, na anayehesabu mizizi huridhika na mifereji mitatu. Kumbe mzizi ule wa mbele mara nyingi huwa na mfereji wa pili, mwembamba, umejificha chini ya ukingo mdogo wa dentini, ile sehemu ngumu ya jino inayokizunguka kiini, na katika zaidi ya nusu ya magego hayo upo. Nilipiga picha ya pili nikiwa nimesogeza mashine pembeni kama digrii 20. Mstari mweupe haukukaa katikati ya mzizi. Ulielemea upande mmoja. Mzizi ukijazwa mfereji mmoja na mstari ukaegemea ubavuni, upande wa pili nao una mwenyewe.

Baada ya hapo nilichukua kipimo cha fizi na kuzunguka jino polepole. Hatua hii wengi huiruka wakiwa na haraka ya kushika drili, nami naiona ya lazima kuliko zote. Kipimo kikizama ghafla mahali pamoja pembamba, pengine milimita nane au tisa huku pembeni yake ni tatu, nashuku mzizi umepasuka kwa urefu. Mzizi uliopasuka hautibiki kwa kubadilisha kijazo. Unaweza kutoa gutapecha kwa ustadi wote, ukajaza upya, ukamtoza mtu fedha zake, na mwisho jino likang'olewa. Kwa yule mama kipimo kilikuwa sawa pande zote. Ndipo nikamweleza: tutalifungua upya, tutatoa kilichomo, tutatafuta mfereji wa nne, kazi itachukua zaidi ya ujio mmoja, na uwezekano wa kupona ni mzuri ila ni mdogo kidogo kuliko wa jino linalotibiwa kwa mara ya kwanza. Karibu robo tatu ya meno yanayorudiwa hupona. Napenda mgonjwa aisikie hesabu hiyo akiwa hajapigwa ganzi.

Aliniuliza swali ambalo wote huuliza: "Kwa hiyo yule wa kwanza alikosea?"

Hapa nina msimamo wangu. Picha inanionyesha kilichobaki ndani ya jino. Hali iliyokuwepo siku ile hainionyeshi. Sijui kama umeme ulikatika katikati ya kazi, kama mgonjwa alikimbia baada ya maumivu kupoa asirudi kumalizia, kama kituo kilikuwa na mashine ya eksirei au mwenzangu alikuwa akipapasa gizani. Nimefanya kazi katika hali zote hizo. Nilimjibu kwamba mfereji wa nne ni mgumu kuuona bila lenzi na taa nzuri, na kwamba aliyeijaza ile mitatu aliijaza vizuri. Vyote viwili ni kweli.

Ila hiyo mitatu iliyojazwa vizuri nayo niliitoa. Wapo wenzangu wanaoutibu tena mzizi wenye ugonjwa peke yake na kuiacha mingine, na pengine huwa na haki. Hapa kizibo cha juu kilikuwa kimevunjika kitambo, na yule mama alikiri kwamba chakula kilikuwa kikiingia "tangu kabla ya Ramadhani." Gutapecha iliyoachwa wazi kwa mate muda mrefu siiamini, hata ikionekana nzuri namna gani kwenye picha.

Basi, pazia la mpira likafungwa kuzunguka jino. Bila hilo sifungui mzizi, kwa sababu mate yakiingia ndani ninaongeza ugonjwa ninaodai kuuondoa, na kwa sababu faili likiponyoka linaweza kwenda tumboni au, vibaya zaidi, kwenye njia ya hewa. Nilipoondoa kizibo na kufika kwenye sakafu ya jino, harufu ya karafuu ikapanda. Kwangu harufu hiyo ni habari njema. Maana yake saruji iliyotumika ni ile ya oksidi ya zinki iliyochanganywa na yujeno, na yujeno ndicho kiungo kikuu cha mafuta ya karafuu, yaleyale yanayokamuliwa Pemba. Saruji ya aina hiyo hulegea bila ubishi mkubwa. Harufu ikikosekana na nikakuta kitu cheupe, kigumu, kisichojali dawa yoyote, najua nimekutana na saruji mpya za bayoseramiki, na siku hiyo huwa ndefu.

Theluthi ya juu ya gutapecha huiondoa kwa joto au kwa vichwa vya drili vya mwendo mdogo, na hapo hapana siri. Lengo ni kupata kishimo cha kushikilia dawa. Halafu nadondosha tone moja au mawili ya kiyeyushi, nasubiri, kisha natia faili jembamba, namba 10 au 15, nikilipapasa kati ya kijazo na ukuta. Silisukumi. Naliyumbisha robo mzunguko kwenda na kurudi hadi linate, na likinata najua limepata njia. Baada yake huja faili la Hedstrom, ambalo meno yake hukata linapovutwa tu. Unalizungusha liingie kwenye gutapecha iliyolainika, unasimama, halafu unavuta moja kwa moja juu. Kuna raha ya pekee pale kijiti kizima kinapong'oka na kutoka kikiwa kimening'inia kwenye faili, cha waridi juu na cheusi chini. Hutokea pale mwenzako alipotumia kijiti kimoja bila kukishindilia. Kwa yule mama hakikutoka kizima. Kilitoka vipande vipande, nyuzinyuzi zilizojikunja kwenye meno ya faili, na kila mara msaidizi wangu alilifuta kwa kitambaa chenye spiriti kabla ya kunirudishia, tukiangalia kama meno ya faili yameanza kufunguka. Meno yakifunguka, faili hilo linatupwa. Kulirudisha mferejini ni kujitafutia kipande cha chuma kilichovunjikia ndani, na kipande hicho ni taabu kuliko gutapecha yote.

Habari ya viyeyushi ina maneno mengi. Klorofomu ndiyo yenye kasi, na madaktari wengi duniani bado wanaitumia kwa matone. Marekani iliiondoa kwenye dawa na vipodozi mwaka 1976 kwa hofu ya saratani, ingawa matumizi ya matone machache ndani ya jino hayakukoma. Mimi siipendi. Hutoboa pazia la mpira likidondokewa, huharibu baadhi ya sirinji za plastiki, na mvuke wake unauvuta wewe na msaidizi wako mchana kutwa katika chumba ambacho feni ndiyo hewa yake. Natumia mafuta ya mkaratusi. Ni ya polepole, kweli, lakini sirinji yake ikiwekwa kwenye maji ya moto kidogo kabla ya kazi hupata nguvu, na chumba kinanukia vizuri. Mafuta ya maganda ya machungwa nayo hufanya kazi. Mgonjwa mmoja aliwahi kuniuliza kama tunakunywa juisi.

Lakini kiyeyushi chochote, kiwe cha kasi au cha polepole, kina ubaya wake, na ubaya huo ndio nilioufahamu taratibu kuliko mengine yote. Gutapecha iliyoyeyuka haijatoka. Imegeuka uji, na uji huo hupakwa kwenye kuta za mfereji, hupenya kwenye vitundu vidogo vya dentini, na ukisukumwa hutokea nje ya ncha ya mzizi na kumpa mtu maumivu ya usiku. Kinachobaki ukutani ni ukoko, na ukoko hauondoki kwa kuongeza maji kwenye sufuria na kuyamwaga. Kwa hiyo katika milimita tatu hivi za mwisho karibu na ncha natumia faili kavu kadiri inavyowezekana, navuta badala ya kuyeyusha. Kiyeyushi nakirudisha mwishoni kabisa, wakati gutapecha inayoonekana imeshatoka. Naujaza mfereji, nasubiri, halafu natia vijiti vya karatasi vinyonye. Cha kwanza hutoka na rangi ya waridi iliyochafuka. Cha pili hivyohivyo. Narudia kujaza na kunyonya hadi kijiti kitoke cheupe, na hapo bado sijaamini, napiga picha.

Kwenye picha ile ya katikati ya kazi, mfereji wa mzizi wa kaakaa wa yule mama ulionekana mtupu kabisa, lakini mmoja wa upande wa shavu ulikuwa na kimstari chembamba kimeambaa kwenye kona ya nje ya mpindo. Vidole vilikuwa vimeniambia ni safi. Vidole huwa vinasema hivyo kila mara, kwa sababu faili likishapata njia yake linapita humohumo na halijui kilichoko pembeni. Mifereji mingi si ya mviringo. Ni bapa, imebanwa, na faili la mviringo linakuna katikati na kuziacha pembe mbili. Nililipinda faili ncha yake kidogo kwa koleo, nikalielekeza upande wa kile kimstari, nikakuna kwa kuvuta tu. Kikatoka. Watafiti waliopiga picha za kompyuta za meno yaliyotolewa kijazo wamekuta mara kwa mara kwamba hakuna mbinu inayotoa chote, iwe ya mkono, ya mashine au ya mawimbi ya sauti. Nalikubali hilo. Ila kuna tofauti kubwa kati ya kuacha doa na kuacha ukanda unaofunika nusu ya ukuta ambao nyuma yake bakteria wamejistiri. *Enterococcus faecalis*, anayekutwa sana kwenye meno yaliyokwisha kutibiwa, anavumilia njaa na anavumilia dawa nyingi, na dawa haiwezi kumfikia palipozibwa na gutapecha.

Mfereji wa nne tuliupata mwishowe. Ulikuwa mahali unapokaa siku zote, kwenye mstari kati ya mdomo wa mfereji wa mbele na ule wa kaakaa, chini ya ule ukingo wa dentini niliouondoa kidogokidogo kwa ncha ya altrasoniki, inayotetemeka kwa mawimbi ya sauti. Ndani yake kulikuwa na mabaki ya kiini yaliyooza, na harufu yake iliishinda ile ya karafuu.

Kuhusu mashine za mafaili ya nikeli na titani yanayozunguka, nimezitumia na ninazitumia. Zipo seti maalumu za kutolea kijazo, kama ProTaper yenye mafaili matatu, D1, D2 na D3. D1 ina ncha yenye makali kwa ajili ya kuingilia juu tu, na D3 ndiyo ya kwenda chini. Msuguano wake hutoa joto, gutapecha hulainika na hupanda juu ikiwa imejizungusha kwenye faili. Kwenye mfereji mnyoofu, kazi ya nusu saa inakuwa ya dakika chache. Ninaowafundisha kazi huwaambia waanze na mkono hata hivyo. Mashine haikuambii ilipogota. Faili la mkono linakuambia, na kugota ndiyo habari unayoihitaji kuliko zote unapofuata njia iliyochimbwa na mtu mwingine.

Kwa mfano, ukiona kijazo kimeishia katikati ya mzizi usifurahi kwamba kazi ni fupi. Jiulize kwa nini mwenzako aliishia hapo. Mara nyingi kulikuwa na mpindo, faili lake nene likachimba kibaraza kwenye ukuta wa nje wa mpindo huo, na kila faili lililofuata likakanyaga hapohapo. Ukishatoa gutapecha, na wewe faili lako litakwenda moja kwa moja kwenye kibaraza kile. Hapo naweka kando kila kitu kinachozunguka kwa umeme, nachukua namba 10, namba 8 hata, napinda milimita mbili za ncha, najaza mfereji kwa dawa, na natafuta kwa kugusagusa, kila mguso nikielekeza ncha upande mwingine. Ukisukuma kwa nguvu unatoboa mzizi. Kipima ncha cha umeme, kifaa cha kuonyesha faili limefika wapi, nacho nisikitegemee mapema, maana mfereji wenye gutapecha ndani huwa unakidanganya. Husema kweli ukishasafishika.

Jino lililonitoa jasho kuliko yote halikuwa na gutapecha kabisa. Lilikuwa la mzee mmoja aliyesomea uhandisi Moscow miaka ya 1970, katika kile chuo kikuu kilichopewa jina la Patrice Lumumba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hili jino, daktari, limezibwa kabla wewe hujazaliwa, kwa hiyo liheshimu."

Gego la chini, rangi ya kahawia inayoelekea kwenye wekundu wa udongo wa Morogoro. Rangi hiyo ukishaiona mara moja hutaisahau. Urusi na nchi zilizokuwa za Kisovieti zilijaza mizizi kwa mchanganyiko wa resosino na formalini, na ulitumika pia India, China na Vietnam, kwa hiyo kwetu huonekana kwa waliosoma au kuishi huko. Ukikauka hugeuka kitu kigumu chekundu ambacho viyeyushi vyetu vya kawaida havikigusi. Jino la mzee lilikuwa limekaa kimya miongo mitano, na sasa lilikuwa limetoa kijipu kwenye fizi.

Nilimwambia ukweli kwamba huenda nikashindwa, na kwamba kung'oa ni jambo la heshima vilevile. Akasema nijaribu. Kilichoniokoa ni kukumbuka kwamba dawa ile mara nyingi ni ngumu juu tu. Waliokuwa wakiijaza hawakuweza kuifikisha chini, kwa hiyo ukivuka milimita za mwanzo unaweza kukuta mfereji uko wazi au una mabaki laini. Nilifanya kazi bila maji, kwa ncha ya altrasoniki, nikipuliza vumbi kila baada ya sekunde chache na kuangalia rangi kwa lenzi: nyekundu ni dawa, naendelea, manjano ni dentini, nasimama. Hakuna njia nyingine ya kujua uko wapi. Mfereji wa nyuma ulifunguka ghafla na faili likashuka lenyewe. Mmoja wa mbele pia. Wa tatu nilichimba hadi pale nilipoona manjano upande mmoja na nyekundu upande mwingine, ukuta umebaki mwembamba, nikaacha. Kijipu kilikuwa kikitokea kwenye mzizi wa nyuma, na huo tulikuwa tumeufikia. Ule uliogoma ulikuwa haujaonyesha kivuli chochote kwenye ncha yake, na sikuona sababu ya kuutoboa mzizi wa mzee kwa ajili ya kutaka kushinda.

Baada ya mwaka mmoja kivuli cha mzizi wa nyuma kilikuwa kimepungua sana na fizi imefunga. Rangi ya jino haikubadilika. Mzee aliletewa habari ya kofia ya kauri ya kulifunika jino, akaikataa, akataka ya chuma, kwa sababu ni imara.

Gutapecha iliyopita nje ya ncha ya mzizi ina adabu yake. Hapo kiyeyushi kiwekwe mbali, maana ukiilainisha itakatika na kipande kitabaki nje ambako faili halifiki. Natia faili la Hedstrom taratibu, linapita ncha kwa nusu milimita au milimita moja, nalizungusha kidogo lishike, navuta bila papara. Wakati mwingine inakuja yote. Wakati mwingine inakatika, na mwili huweza kuishi na kipande hicho kwa amani kama ndani ya mfereji kumesafishwa. Kikiendelea kuleta ugonjwa, kuna upasuaji mdogo wa kukata ncha ya mzizi kutoka upande wa fizi.

Kusafisha kwa dawa ndiyo sehemu inayotibu hasa, kwa kuwa sasa kuta zimefunuliwa. Tunatumia hipokloraiti ya sodiamu, ndugu wa dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Ncha ya mzizi unaorudiwa mara nyingi imeshapanuka, kwa hiyo sindano yenye tundu la ubavuni, isibane kwenye kuta, iishie milimita mbili kabla ya urefu kamili, na kidole kisukume polepole. Dawa hiyo ikivuka na kuingia kwenye mfupa, uso hufura palepale na mgonjwa hapigi kelele za mchezo. Halafu dawa nyingine, EDTA ya asilimia 17, kuondoa utando wa vumbi ulioachwa na mafaili ukutani, hipokloraiti tena, na mara nyingi natia hidroksidi ya kalsiamu na kufunga kwa wiki moja au mbili kabla ya kujaza.

Siku mbili tatu za kwanza jino linaweza kuuma kuliko lilivyokuja. Nalisema hilo mapema na kwa sauti, kwa sababu asiyeambiwa atapitia duka la dawa njiani na kununua amoksilini, anywe vidonge sita, aache. Maumivu yale hupozwa na ibuprofeni kwa mtu asiye na vidonda vya tumbo wala tatizo la figo. Antibayotiki ina kazi pale uso unapovimba na kuenea, homa ikapanda, au mdomo ukashindwa kufunguka, na mtu wa namna hiyo namtaka arudi kwangu siku hiyohiyo. Yule mama wa vitenge alinipigia simu usiku wa kwanza, akaniambia linagonga. Asubuhi ya tatu alipiga tena kuuliza kama anaweza kula mihogo ya kukaanga. Nilimwambia upande mwingine.

Jino lililorudiwa lisikae na kizibo cha muda likangojea mwezi wa mavuno. Kizibo cha kudumu siku ileile ya kujaza, na kofia kwa magego ndani ya wiki chache, la sivyo litapasuka au mate yataingia tena na mtu wa tatu atakuja kufungua. Picha ya kuangalia napiga baada ya miezi sita na mwaka, na kivuli kinachopungua polepole nakipa hadi miaka minne kabla ya kusema kimeshindikana.

Yapo nisiyoyagusa. Mfereji uliojazwa saruji ya bayoseramiki peke yake hadi chini ya mpindo, faili lililovunjikia nyuma ya kona, nguzo nene ya chuma ndani ya mzizi mwembamba: hayo huyaandikia barua ya rufaa kwa bingwa mwenye hadubini ya upasuaji, naambatanisha picha zote mbili, ya nyoofu na ya pembeni, na naandika urefu wa kila mfereji niliofanikiwa kuupima, ili asianze kupapasa upya nilikokwisha kupapasa mimi.